Kitovu na Vidole vya Tabibu

Katika fani zote za utabibu ambazo walimwengu huzisifu, sijui kama iko iliyonyimwa taadhima yake kama hii ya kumpima mtu aliyeumia uti wa mgongo, ili ibainike ni misuli ipi ya kiwiliwili chake ingali hai. Jedwali la kimataifa la kuwakadiria majeruhi hao, ambalo asili yake ni Marekani mwaka 1982, lina alama 100 za nguvu za misuli, 50 za mikono na 50 za miguu. Tumbo na mgongo havikupewa hata moja, na hukumu juu yake imeachiwa hisia za ngozi, chuchu ikiwa mpaka wa neva ya nne ya kifua na kitovu mpaka wa neva ya kumi.

Charles Beevor, tabibu wa London aliyefariki mwaka 1908, alituachia njia isiyohitaji chombo. Mgonjwa hulazwa chali, akaambiwa ainue kichwa, na mpimaji akakikazia macho kitovu: kikivutwa kuelekea kifuani, ni dalili kwamba misuli ya juu ya tumbo ingali ikitii ilhali ya chini imelegea, na aghalabu jeraha li jirani na neva ile ya kumi. Lakini kitovu kisichosogea kina maana mbili zinazopingana, kwa kuwa hutulia tumbo lote likiwa zima, na hutulia vilevile lote likiwa limepooza. Hapo macho hayafai kitu, sharti vidole.

Vidole hivyo (na viwe na joto, kwani baridi huweza kuishtua misuli iliyopooza ikatoa ushahidi wa uongo) huwekwa kandokando ya kitovu, kisha chini ya mbavu, mgonjwa akaombwa akohoe. Tumbo lililopooza hufura kwa msukumo wa pumzi na kubaki laini. Lenye uhai hukaza, japo kidogo mno, japo upande mmoja tu. Mpimaji mwenye pupa huona tumbo limecheza, akaandika. Stadi hurudia, akiyachunga mabega na shingo yasije yakawa ndiyo yanayofanya kazi ya wenzao.

Vipimo vya umeme wa misuli vimewahi kukuta uhai tumboni mwa watu waliohukumiwa na jedwali kuwa hawana kitu chini ya kifua, nami sistaajabu. Uhai huo mdogo ndio huamua kama mwenye kiti cha magurudumu ataokota ufunguo sakafuni pasipo kujishikilia kwa mkono wa pili, kama kikohozi chake kitatoa makohozi, na egemeo la kiti chake liwe la kimo gani.