Pampu Iliyong'olewa

Pale fundi alipoing'oa pampu ya oili na kuziba tundu lake kwa kibati, ndipo Yamaha DT125 ya zamani aliyokuwa akiifufua ilipoacha kustahili pesa zilizomwagwa juu yake. Rangi ya tenki, stika na kiti kilichoshonwa upya, vyote vilivyofuata, ni pambo juu ya kosa.

Mliomtazama kazini mlimsikia akijitetea: pampu hizi zikifa huua injini, heri kuchanganya oili na petroli tenkini. Hoja hii inazunguka kila gereji na nimeipinga miaka yote. Pampu ya Autolube, ambayo Yamaha waliianzisha kwenye YA6 mwaka 1964, huuawa na watu. Kikopo cha oili kinaachwa kikauke. Fundi anachomoa mpira wa oili, anaurudisha bila kutoa hewa. Waya wa pampu unakazwa kwa kukisia wakati alama ya kuulinganisha ipo pale pale kwenye pampu.

Tustroki kama hii haina oili iliyolala chini ya krenki. Beringi za krenki, pistoni na ringi zake hutegemea ile inayoingia pamoja na petroli, basi. Pampu huzungushwa na krenki yenyewe, na waya wa eksileta huiongezea kipimo. Sasa mteremshe mtu mlima Kitonga akiwa na mzigo, gia ya pili, eksileta imefungwa. Injini inalia kwa mzunguko mkubwa, petroli inayopita ni kidogo mno, na kwa kuwa oili imechanganywa humo humo, nayo ni kidogo mno. Pampu ingeendelea kusukuma maadamu krenki inazunguka. Bila pampu, pistoni inavimba kwa joto na kunata ndani ya silinda, gurudumu la nyuma linajifunga, na lori liko mgongoni. Asiyewahi kubana klachi kwa hofu ya namna hiyo asitufundishe kuwa kibati kinatosha!

Kazi yake nyingine siikatai: silinda ilichongwa vizuri, spoku zimenyooka, nyaya za umeme ni safi.

Lakini mabwana shamba wa zamani, waliozunguka vijiji kwa pikipiki za DT na AG100, walitazama kikopo cha oili kabla ya kupiga kiki. Burt Munro wa New Zealand alinunua pikipiki yake ya Indian Scout mwaka 1920, akaibadilisha karibu kila kiungo hadi rekodi yake ya kasi ya Bonneville ya 1967. Pistoni alizisubu mwenyewe, na vilivyovunjika alivipanga rafuni. Huyu wetu ametupa pampu ambayo hata hakuipima.

Kufufua DT ya zamani kunalipa ikiwa itapandwa, nami nasimamia hilo. Hii, ilivyo sasa, ni ya kuzungukia mtaani. Mwenye pikipiki, kama pampu bado imo kwenye debe la vyuma chakavu, iokote, ioshe, irudishe, toa hewa, linganisha waya. Usiteremke nayo mlima wowote kabla ya hapo.