Sauti Moja, Ukoo Mzima wa Kifalme

Tawi la reli linaloachana na njia ya Kigoma pale Kaliua hushuka kusini kiasi cha kilomita 210 na kuishia Mpanda. Waingereza walilijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ukafa, reli ikabaki. Kwa miaka mingi ndiyo iliyotuletea sabuni, nondo, magazeti ya juzi na, zama za kanda zilipopita, diski za filamu. Kwenye mabanda ya video ya Makanyagio na Kawajense, hapa Mpanda, kulikuwa na ubao mlangoni. Uliandikwa kwa chaki jina la filamu, saa ya kuanza, na chini kabisa neno lililoamua kama mabenchi yatajaa: IMETAFSIRIWA.

Nataka kuisifu kazi iliyo nyuma ya ubao huo, maana sioni anayeisifu. Vitabu vyetu vya fasihi vina sura za malenga, manju na mtambaji wa ngano. Lakini yule mtu aliyejifungia chumbani na maikrofoni moja, akawasemea mfalme, malkia, jemadari na mtumwa, hana hata aya. Mkongwe wao hapa Tanzania, Kapteni Derek Mukandala, ambaye wengi tulimjua kwa jina la Lufufu tu, hakuwa akigeuza maneno peke yake. Alisimulia, alieleza desturi za nchi za watu, alitania, na pale filamu ilipokosa maana yeye aliitafutia. Baadaye wakaja kina DJ Mack. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wanaye VJ Jingo na wenzake wanaofanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda.

Wajapani nao walikuwa na watu wa namna hii zama za filamu bubu, wakiwaita benshi, na wapo waliolipa kiingilio kwa ajili ya benshi kuliko mwigizaji. Filamu zilipoanza kusema, benshi wakakosa kazi. Huku kwetu filamu zilikuwa zinasema zamani, ila hazikusema nasi. Hata wakoloni walilijua hilo: kati ya mwaka 1935 na 1937 jaribio la sinema za elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, lilizungusha filamu kwa lori huku maelezo ya Kiswahili yakitoka kwenye kipaza sauti. Yule wa lori alitumwa awafundishe watu namna ya kuishi. Wa banda la video hakutumwa na mtu.

Mimi ufundi huu niliuelewa kwa sizoni za Kikorea, na hasa Jumong. Ni tamthilia ya sehemu 81 iliyorushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007, kisha ikasambaa Tanzania kwa diski. Mfalme Geumwa wa Buyeo anamlea mtoto wa Hae Mosu, mpiganaji aliyekuwa kwake zaidi ya ndugu na ambaye inaaminika amekufa. Mtoto huyo, Jumong, anakulia ikuluni kama mwanamfalme wa tatu, nyuma ya Daeso na Yeongpo, watoto wa malkia. Wakubwa hawamtaki. Naye, tuseme kweli, mwanzoni hana la kumtetea: mwoga, mpenda wanawake, upanga hajui kuushika. Ukiziangalia sehemu za kwanza bila kujua mbele kuna nini, unaweza kumpa Daeso kura yako.

Na hilo ndilo ninalompendea zaidi fundi wa sauti moja. Koo lilelile linalomsemea Jumong ndilo linalomsemea Daeso. Katika tamthilia yenye waigizaji, kila ndugu ana wakili wake: uso wake, sauti yake, jinsi anavyotembea. Mtafsiri hana wa kumsaidia. Akiwa mvivu atampa stelingi sauti nzuri na adui sauti ya kukoroma, mambo yaishe. Akiwa fundi, ataingia ndani ya Daeso na kumtolea hoja yake: mimi ni kifungua mimba, mama yangu ndiye malkia, nimefanya kila nililoagizwa, na bado macho ya baba yanamfuata mtoto wa mwanamke mwingine. Hapo benchi zima hunyamaza, kwa sababu wengi waliokaa pale wametoka kwenye nyumba zenye mama wawili, na mabishano ya nani apewe shamba la bondeni wanayajua. Hawamsamehe Daeso, ila wanajua anakotokea.

Chumba cha kazi chenyewe kina tabu zake. Waigizaji wanasema Kikorea. Chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza, mara nyingi kibovu. Mtafsiri anayasoma kwa jicho moja na kuyatolea Kiswahili papo hapo. Maneno yamepita mikono miwili kabla hayajamfikia. Mkorea amesema kwa sekunde tatu, Kiswahili cha jambo hilo kinataka sita, na wa pili ameshaanza kujibu. Kwa hiyo anakata, anaunganisha, anarudisha baadaye alichokiacha. Sauti ya asili anaishusha na kuipandisha kama utambi wa chemli: chini mfalme anaponena, juu farasi wanapokwenda mbio. Majina ni balaa. Msikilizaji hawezi kubeba Geumwa, Yuhwa, Yeo Mi-eul na Bu Deuk-bul kwa usiku mmoja, basi kila mtu anapoingia anakumbushwa ni wa nani: huyu mganga wa ikulu, huyu mdogo wake Daeso, huyu waziri wa mfalme.

Msomi anaweza kusema marudio hayo ni udhaifu. Aje akae Mpanda. Mji huu kwa miaka mingi uliishi kwa majenereta ya dizeli, na umeme ulipokatika katikati ya vita watu walikwenda kulala, wakarudi kesho yake jioni. Wengine walikuwa machimboni wiki nzima, wengine walikuwa kwenye tumbaku, na mtoto aliyetumwa dukani aliingia mara moja kuchungulia. Mtafsiri aliwafikiria wote hao. Kila baada ya muda alikusanya hadithi, akaikabidhi upya kwa aliyechelewa, tena bila kumchosha aliyewahi.

Kuna sehemu moja ambayo kwangu ndiyo mtihani wa kazi yote. Hae Mosu hakufa. Alitolewa macho, akafichwa katika gereza la pangoni kwa miaka 20. Jumong anafika huko na kuanza kujifunza upanga kwa mzee kipofu. Hajui kuwa huyo ni baba yake, na mzee mwanzoni hajui kuwa huyo ni mwanawe. Sisi tunajua. Mtafsiri wa ovyo hupayuka hapo, akarudia mara tano kwamba jamani huyu ni baba yake, kana kwamba tumelala. Fundi hupunguza maneno mpaka karibu yaishe. Anaacha isikike pumzi ya mzee na chuma kikigonga chuma. Mwanafunzi akiuliza swali, analitoa kwa sauti ya kawaida kabisa. Na siku Daeso na Yeongpo wanapomwua yule mzee, haongezi maombolezo. Anataja waliomwua, kisha ananyamaza, na banda linafanya kazi iliyobaki. Kujua kunyamaza wakati umelipwa ili useme ni ufundi mgumu kuliko kuiga sauti ya malkia.

Sisi wa huku hatukuwa wageni wa mambo ya ikulu. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na Rukwa ni Ufipa. Simulizi za Wafipa zinamtaja mfalme wa Milansi aliyekwenda kuwinda akamwachia mkewe onyo juu ya wageni. Wakaja wanawake watatu, mke akawapa kigoda, na mwindaji aliporudi nchi ilikuwa imeshachukuliwa. Ukoo ulioanzia hapo, wa Watwa, ukagawanyika baadaye katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile: damu moja, viti viwili, na vita kati yao. Mtu aliyekuzwa na simulizi hizo hahitaji kuelezwa kwa nini Geumwa halali usiku.

Nchi nzima, kwa kweli, ina kisa chake. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu kwa sheria. Aliyeiongoza, Julius Nyerere, alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na ndugu yake wa baba mmoja, Edward Wanzagi, alikuwa chifu. Mwaka huohuo ikachapishwa tafsiri ya Nyerere ya Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ya marafiki wanaomwua aliyepanda mno. Mwandishi wa televisheni akipanga matukio hivyo ataambiwa amezidisha.

Lakini Jumong si ya watoto wa mfalme peke yao. Picha za mwanzo kabisa ni za wakimbizi wa Gojoseon, dola iliyoanguka, wakikokotwa na kuuawa na askari wa Han. Wafuasi wa kwanza wa Jumong ni wahuni watatu wa mtaani, Oyi, Mari na Hyeopbo, na ufalme wake unategemea mhunzi, Mo Pal-mo, anayehangaika kupata upanga usiovunjika ukikutana na chuma cha Han. Mtafsiri mzuri hawapitishi watu hawa haraka ili awahi mapigano. Anawapa muda wao, na mbele ya hadhira ya Katavi muda huo una uzito wake. Katumba na Mishamo, makazi ya wakimbizi ya mkoa huu, yalifunguliwa katika miaka ya 1970 kwa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 kutoka makazi hayo mawili na Ulyankulu ya Tabora walipewa uraia wa Tanzania. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuandika kitabu kizima juu ya jinsi watu wa pale walivyosimulia historia yao, wafalme na hila za ikulu zikiwemo. Sauti iliyorekodiwa Dar es Salaam haikuwa na haja ya kumweleza mtu aliyezaliwa Katumba maana ya msafara wa watu waliobeba vyombo kichwani.

Kasoro zipo, na baadhi zinakera. Wapo wanaofunika kila ukimya kwa utani. Wapo wanaowadhalilisha wanawake ili benchi licheke: So Seo-no, mfanyabiashara anayeendesha misafara na kusimamisha dola pamoja na Jumong, katika vinywa vingine amegeuzwa demu wa stelingi, basi. Na karibu kazi yote imefanyika bila idhini ya wenye filamu, jambo ambalo sheria yetu ya hakimiliki hailiruhusu na ambalo sitalitetea.

Siku hizi kazi imehamia studio. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili. Mwaka 2016 StarTimes ilifanya shindano la kutafuta sauti Dar es Salaam, na washindi wakaenda Beijing kufanya kazi. Azam nao wakatuletea Sultan ya Waturuki, ndugu na watoto wa kifalme wakiogopana kwa Kiswahili safi. Ni kazi nzuri, halali, yenye mikataba, na kila mhusika ana sauti yake. Naitazama na kuifurahia. Bado nasema haijafikia kile alichokifanya mtu mmoja kwa ndugu watatu wa Buyeo.

Kazi hiyo ya zamani inapotea mbele ya macho yetu. Diski zimechubuka, na kwenye vibanda vya kuweka muvi kwenye flashi mafaili ya zamani yanafutwa kila kompyuta inapojaa. Kama unazo nyumbani, ndani ya sanduku au kwenye droo ya televisheni iliyokufa, usizitupe. Zihamishe, umpe nakala mwalimu wa Kiswahili au wa sanaa aliye karibu nawe, na juu ya kila moja uandike jina la mtafsiri, si la Jumong peke yake.