Redio Ilikuwa Mhariri Wetu

Katika vikao vya waandishi chipukizi hakosekani mtu wa kusimama na kudai kwamba redio ndiyo iliyoua usomaji. Wenzake hutikisa vichwa kukubali. Mimi sikubali. Kwa maoni yangu, kwa miaka karibu thelathini kazi kubwa ya kuzifikisha tungo za Kiswahili kwa watu wa Tanzania Bara haikufanywa na wachapishaji wa vitabu hata kidogo. Ilifanywa na Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, pale Barabara ya Pugu. Na kama ilikuwa mchapishaji, basi ilikuwa mhariri pia. Na mhariri, jamani, lazima naye ahakikiwe.

Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka sahani yake ilifunga safari hadi Nairobi, na mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa mpaka 1983, hata njia hiyo ikawa ngumu. Ikabaki studio ya RTD. NUTA Jazz (iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma), DDC Mlimani Park waliozaliwa 1978, Vijana Jazz, Maquis, wote walipita mlango uleule. Bendi nzima iliingia ikarekodi nyimbo kadhaa kwa mkupuo, magitaa, tarumbeta na waimbaji wote pamoja. Akiteleza mmoja, mnaanza upya. Malipo kiduchu, na mkanda ukabaki mali ya redio. Wimbo ukipendwa hewani, ukumbi ulijaa Jumamosi, na huko ndiko mwanamuziki alikopata chake.

Lakini kabla ya hapo mashairi yalitangulia peke yake. Yalipelekwa yakasomwe kwanza: lugha ni safi? Ujumbe unafaa? Wahakiki wengi wanapofika hapa huona mkasi tu. Mkasi ulikuwepo, sibishi. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI unamaliza watu, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Ukasambaa kwa kanda na kumbini. Sasa tazama: kuanzia 1993 redio hiyohiyo ikarusha mchezo wa "Twende na Wakati", na Mkwaju, yule dereva wa lori asiyetulia, akawa funzo la taifa zima. Mada ni ileile. Kwa hiyo siamini kwamba kilichokataliwa kwa Remmy ni mada. Kilichokataliwa ni kicheko. Mhariri wetu alivumilia ugonjwa ukisemwa na mchezo wenye mafunzo yaliyopangwa, hakuvumilia ukisemwa na mtu wa Sinza kwa maneno ya baa. Kwangu mimi hilo ndilo kosa lake kubwa la kifasihi, achilia mbali la kiafya.

Wapo wanaosema ati mkasi huo ndio uliozaa fumbo katika muziki wa dansi. Hapana, bwana. Muyaka bin Haji alikuwa akifumba Mombasa kabla redio haijaota hata kichwani mwa aliyeibuni. Redio ilichofanya ni kingine, na ni kikubwa zaidi. Fumbo la mtaani hufumbuliwa na wanaojua umbea wa mtaa ule. Fumbo la RTD ilibidi lifumbuliwe na mtu wa Songea na wa Bukoba ambaye hajui nani kamwacha nani Magomeni. Ikabidi mtunzi atafute picha ambayo nchi nzima imeiona. Chukua "MV Mapenzi" ya Mlimani Park. Mtu wa Mwanza, wa Kigoma, wa Tanga, kila mmoja ameona meli yenye MV ubavuni, kwa hiyo mapenzi yanapopewa usajili wa chombo cha majini hakuna anayehitaji mkalimani. Uswahili wa namna hiyo, mwepesi mdomoni na mzito kichwani, sijauona katika diwani nyingi tulizolazimishwa shuleni.

Hata hivyo siwezi kuzisifu nyimbo zile moja kwa moja. Pitia vichwa vyake: Georgina, Zuwena, Selina, Neema. Wanawake wanaitwa majina mchana kutwa, wanabembelezwa, wanaonywa, wanalaumiwa, na kwa nadra sana wanajibu. Waimbaji wa bendi zile walikuwa wanaume karibu wote. Mwanamke anayejibu, tena kwa ukali, ilibidi umsikilize katika taarabu. Ukimweka Marijani Rajab upande mmoja na warithi wa Siti binti Saad upande wa pili, unapata mjadala mzuri wa ndoa. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki, na sijaona aliyeifanya.

Msikilizaji naye alikuwa na uwanja wake. Kadi za salamu! Mtu ananunua kadi, anajaza majina ya shemeji, wajomba, marafiki wa jeshini, fundi baiskeli, anatuma. Wiki zinapita. Anaanika betri juani zipate nguvu kidogo, asije akakosa siku yake. Halafu mtangazaji anasoma majina yale mfululizo, na kijiji kizima kinasikia kwamba kipo. Nani alisema lazima fasihi iwe na kisa? Orodha ile ilikuwa na mizani yake, na mtangazaji mzuri aliijua: alijua wapi pa kuvuta pumzi, wapi pa kukaza sauti. Kwenye tangazo la kifo alishusha. Sisi tunaosoma mashairi jukwaani kama tunakimbizwa na mbwa tungejifunza kwao.

Miaka ya tisini vituo binafsi vikaingia. Radio One ilikuja 1994, na baada yake milango ikafunguka. Vijana wakapata pa kuimbia kwa lugha yao wenyewe, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ikapitishwa 1999, COSOTA ikazaliwa. Kwa wazee ilikuwa imechelewa mno. Muhidin Gurumo, mmoja wa waasisi wa Mlimani Park na sauti ya Msondo kwa miaka mingi, alistaafu 2013 bila kuwahi kumiliki gari. Akapewa moja na Diamond Platnumz, kijana wa zama za FM. Mwaka uliofuata akafariki. Tulishangilia ile zawadi. Sikusikia wengi wakiuliza redio ilipiga sauti ile mara ngapi, na kwa malipo gani.

Mikanda ya RTD leo iko chini ya TBC. Vituo navyo vinazipiga nyimbo zile Jumapili, vinaziita zilipendwa, basi. Nilikwenda kituo kimoja kuuliza kwa nini hawataji mtunzi. Mtangazaji akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, bendi si tumeitaja?" Hebu fikiria mtu akuuzie *Kusadikika* akwambie kimetungwa na kiwanda cha uchapaji.

Kwa hiyo napendekeza kwa wahariri wa jarida hili jambo dogo. Kila toleo, ukurasa mmoja uwe wa wimbo mmoja wa zamani, baada ya kuomba ruhusa kwa wenye haki: jina la mtunzi juu, na chini yake uhakiki kama tunavyohakiki shairi lolote. Mimi nimeanza kunakili sita kwa mkono, nikisimamisha kanda na kuirudisha. Msondo wawili, Sikinde watatu, Vijana mmoja. Katika ule wa Vijana kuna mstari kwenye ubeti wa pili ambao tarumbeta imeumeza. Nimewapa watu watatu wausikilize na kila mmoja amenipa maneno yake. Nimeacha nafasi wazi. Aliyewahi kuusikia ukumbini aniandikie.