Kupata Jiko

Mjini Tanga na Pangani, hata huku vijijini, kijana akioa, rafiki zake husema, "Fulani amepata jiko." Wengine husema, "Amevuta jiko." Maneno haya yamezoewa hata hayapimwi tena. Yafaa tuyapime.

Maana yake ni nyepesi: kijana aliyekuwa akila kwa mama yake au mgahawani sasa ana nyumba yake ya kupikiwa. Lakini matumizi yake yana mipaka. Ni mzaha wa watu wa rika moja. Hakuna apelekaye posa kwa wazee wa binti akawaambia kwamba amekuja kutafuta jiko. Tena hunenwa kwa mwanamume tu. Mwanamke huolewa, hatusemi kwamba amepata jiko, ingawa mara nyingi ndiye akaaye mbele ya moshi.

Sikatai kwamba neno hili lina heshima ndani yake. Jiko ndilo moyo wa nyumba. Nyumba isipofuka moshi jioni, jirani huja kuuliza kuna nini. Kosa lake ni kwamba jiko ni chombo. La bati hununuliwa sokoni, na likitoboka hutupwa, likanunuliwa jingine. Mume aliyezoea kumwita mkewe jiko atamwonaje siku ya ugonjwa, asipoweza kupika?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, ukusudiwao kudumu maisha yao yote. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Basi apikaye naye hujenga.

Wengine hupenda kusema "kufunga pingu za maisha." Pingu ni za wafungwa, nalo ni neno zito kwa siku ya furaha, lakini hapo angalau wote wawili hufungwa sawasawa.

Wazee wametuachia neno lililo bora: "Jifya moja haliinjiki chungu." Hapo mke si jiko. Mke ni jifya, mume ni jifya, na la tatu ni agano lao. Likiondolewa moja, chungu humwagika.

Enyi vijana, fanyeni mzaha wenu barazani. Lakini siku ya arusi, mkisimama kunena mbele ya mama wa bibi arusi, semeni, "Wameoana." Neno hilo moja lawatosha wote wawili.