Uso Umeumbwa na Haya: Mtu na Sura Yake Mbele ya Wenzake katika Utenzi wa Mwana Kupona

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Methali hii hutumiwa sana juu ya vyombo vya baharini na juu ya mali za watu, lakini yafaa vilevile kutumiwa juu ya mtu mwenyewe. Sura ambayo mtu huionyesha mbele ya wenzake, yaani namna anavyoamkia, anavyovaa, anavyocheka na anavyonyamaza, haikuota yenyewe kama nyasi. Imeundwa na wazazi wake, na jirani zake, na yeye mwenyewe. Katika makala haya tutauchunguza uundaji huo kwa kuutazama upya Utenzi wa Mwana Kupona, utungo ambao, kwa maoni yetu, umehukumiwa upesi na wanaousifu na wanaoulaumu pia. Swali letu ni hili: je, kuipamba sura yako mbele ya watu ni unafiki, au ni sehemu ya utu? Na kama ni sehemu ya utu, ni nani anayebebeshwa kazi hiyo?

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa cha Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyefariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Anamwita mwanawe aje na wino na karatasi, aketi karibu, ayaandike maneno ya mama yake kabla hayajapotea. Kwa hiyo tangu mwanzo tunasikia sauti ya mtu anayejua kwamba muda wake ni mfupi. Anamwachia binti urithi usiogawanywa na kadhi, nao ni ujuzi wa kuishi na watu.

Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utenzi huu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na jina la kitabu chao lilitaja mawaidha ya Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Jina hilo si la uongo, maana beti nyingi zinahusu mume. Hata hivyo limewafanya wasomaji wengi wauone utenzi mzima kwa jicho hilo moja. Jambo hili halitushangazi. Mwaka 1946 mtaalamu wa saikolojia huko Marekani, Solomon Asch, aliwapa wanafunzi orodha ya sifa za mtu wasiyemjua: mwenye akili, hodari, mwenye bidii, na kadhalika. Makundi mawili yalipewa orodha ile ile isipokuwa neno moja tu. Kundi moja liliambiwa kwamba mtu huyo ni mkunjufu, na kundi la pili kwamba ni mtu baridi. Neno hilo moja lilitosha kuzigeuza sifa nyingine. Waliosikia kuwa ni mkunjufu walimdhania pia kuwa karimu na mwema, na wale wengine wakamdhania kinyume. Asch alionyesha pia kwamba sifa inayotangulia kusikika huzipa rangi zile zinazofuata. Basi kama neno moja laweza kumpaka mtu rangi, jina la kitabu lashindwaje kuupaka rangi utenzi?

Hebu tuzitazame beti zenyewe kwa utaratibu wake. Wasia wa kwanza ni kuishika dini. Wa pili ni kuwa na adabu na ulimi mwema, ili binti apendwe kila aingiapo. Wa tatu ni kuwa mkweli na mwaminifu, na kutofuatana na mtu asiyeishika haki. Baada ya hayo ndipo mama anapomwambia mwanawe awe mchangamfu mbele za watu, naye anaongeza sharti kwamba maneno ya uchangamfu yasiwe na hila. Azungumze nao kwa mizaha iletayo furaha, na ikiwa mzaha wenyewe ni wa kuchukiza, ni heri anyamaze. Utaratibu huu haukuja kwa bahati. Ukweli umewekwa kabla ya tabasamu, na tabasamu limefungwa kwa ukweli. Mshairi anayejali sura ya nje tu asingeupanga wasia wake hivyo.

Ni kweli kwamba mbele ya utenzi tunakuta mapambo mengi. Binti anaagizwa aoge, afunge nywele zake, atunge asumini na avae vyombo vya mikononi na miguuni. Wapo wanaosema kwamba hapa mwanamke anafundishwa kuwa mkakasi, na wote twajua kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini mkakasi hulaumiwa kwa sababu mapambo yake hayana kitu cha kuyajibu kwa ndani. Mwana Kupona anatoa ushahidi wa maisha yake mwenyewe. Anasimulia kwamba yeye na mumewe waliishi bila magomvi, na kwamba mume alikufa akiwa amemridhia. Kwake mapambo ni ishara ya mapatano yaliyopo. Tunaweza kuyakosoa mapatano yenyewe, na tutayakosoa hapa chini, lakini hatuwezi kudai kwamba mshairi anafundisha udanganyifu.

Ili tuelewe vizuri kwa nini jambo hili si unafiki, tutazame desturi ndogo ambayo kila msomaji anaijua, nayo ni hodi. Mgeni anayefika mlangoni hapenyi tu. Hubisha hodi, akasimama kando asiielekee nafasi ya mlango, akangoja. Muda ule mfupi ni zawadi kwa mwenyeji, apate kujitanda nguo, kuondoa vyombo vilivyozagaa na kuwanyamazisha watoto. Anapoitika "karibu," nyumba imekwisha kuwa na sura yake. Mgeni anafahamu fika kwamba dakika moja nyuma haikuwa hivyo, naye anajifanya hajui. Hakuna aliyedanganywa hapa. Wawili hawa wameiunda sura moja kwa pamoja, mmoja kwa kutengeneza na mwingine kwa kusitiri.

Mwanazuoni Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alifananisha mikutano ya watu na mchezo wa jukwaani, akaeleza kuwa watazamaji nao husaidia mchezo usiharibike. Waswahili walikuwa na neno la jambo hilo zamani, nalo ni sitara. Tusemapo kwamba uso umeumbwa na haya, hatusemi juu ya uso wa mwenye kutazamwa peke yake. Mwenye kutazama naye ana uso, na haya ya uso wake ni kujua la kuona na la kuacha kuona. Hivyo ndivyo ilivyo hata katika maamkizi. Mtoto akitoa shikamoo, mkubwa anadaiwa marahaba. Mkubwa aliyenyamaza hakumshusha mtoto. Amejivua heshima yake mwenyewe.

Hapa ndipo tunapofika kwenye udhaifu wa utenzi. Kama sura ni kazi ya wawili, mbona Mwana Kupona ameandika zamu ya mmoja tu? Mke anaagizwa afurahishe, anyamaze, aombe ruhusa ya kutoka na asimwamshe mume aliyelala. Zamu ya mume ya kusitiri na kuridhisha imeachwa itegemee hisani yake. Tena binti anaonywa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Maana yake ni kwamba wako watu ndani ya nyumba ile ile wasiohesabiwa kuwa na uso wa kulindwa. Huo ndio uliokuwa msingi wa jamii ya mabwana na watwana, na mshairi, pamoja na hekima yake yote, hakuuvuka.

Waliotengwa waliuvuka wenyewe. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, nguo nyeusi ya kazi iliyowatambulisha hali yao, wakavaa kanga za rangi na maua. Mwenye kiburi angeweza kuwacheka kwamba wanajipamba kwa hadhi isiyo yao. Sisi tunaona kwamba walidai kwa nguo kile walichonyimwa kwa sheria, yaani haki ya kuonwa kama watu wenye heshima. Baadaye kanga ikapata maandishi, na mwanamke asiyeruhusiwa kujibu kwa kinywa akaweza kujibu kwa upindo wa nguo. Kumbe kuiunda sura yako si lazima kuwe utii. Kwaweza kuwa ukombozi.

Fasihi nayo ilipiga hatua. Shaaban Robert alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili. Kwa kumpa mvulana naye wasia wa tabia njema, alikiri kuwa adabu haina jinsia moja. Katika siasa ya Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno ndugu lilitumiwa kwa kiongozi na kwa mkulima sawasawa, ili kila mmoja amwone mwenzake kwanza kama mtu kabla ya kuona cheo chake. Leo wabunge huitana waheshimiwa. Si vibaya kuheshimiwa, ila yafaa tujiulize kama mkulima anayesimama mbele ya dawati la ofisi anarudishiwa heshima anayoitoa.

Swali hilo linawahusu walimu na wanafunzi zaidi ya wote, kwa kuwa darasani watu hupimana kila siku. Mwanafunzi mwenye sare iliyochakaa, au anayesema Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, huweza kuitwa mzito siku ya kwanza, na kila kosa lake la baadaye likahesabiwa kuwa ushahidi. Mwingine huinamisha macho mbele ya mwalimu kwa sababu amefunzwa haya nyumbani, naye akadhaniwa ana hatia. Mwalimu wa namna hiyo ameingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi. Nyumba njema si mlango, yataka mtu aingie ndani. Na adabu ya kuingia ni kumpa mwenyeji nafasi ya kujitengeneza.

Basi Utenzi wa Mwana Kupona na uendelee kusomwa mashuleni, usomwe na wavulana na wasichana pamoja. Wasichana wasiambiwe kwamba kazi yote ya kupendeza ni yao. Wavulana waulizwe, ubeti kwa ubeti, ni jambo gani wao wanadaiwa kulitoa ili wasia huo uwe wa haki. Mama yule aliyekuwa mgonjwa alitaka mwanawe apendwe kila aingiapo. Wajibu wetu ni kuwafunza vijana kwamba na yule aliyeko ndani, anayemwona mwenzake akiingia, ana kazi yake ya kufanya.