Gundi kwenye kadeti ya pamba

Mlikuwepo na mliona. Mwenzetu anachuchumaa kuokota simu kando ya Barabara ya Ggaba, pale Kabalagala, na mshono wa nyuma wa kadeti unaachia kuanzia mkandani hadi usikotaka kujua. Kufunga sweta kiunoni, safi. Kuegemea ukuta, safi. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa supagluu, na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo hata mtoto wa fundi asingelifanya.

Gundi ile aliigundua Harry Coover mwaka 1942 akiwa Eastman Kodak, ikaingia sokoni 1958. Wengi hudhani hukaushwa na hewa. La, huganda ikikutana na unyevu. Pamba ina nyuzi laini nyingi na unyevu wake yenyewe, kwa hiyo ikiinywa gundi, gundi yote huganda kwa mkupuo mmoja na kutoa joto la ghafla, la kutosha kuunguza ngozi. Ule moshi mliodhani ni wa muchomo wa jirani ulitoka kwenye suruali. Na yule bwana hakuwa akicheza alipokuwa akirukaruka.

Tuseme hakuungua. Bado kosa ni lilelile. Mshono wa makalio hufanya kazi kila ukikaa, kila ukipanda bodaboda, na supagluu ikishaganda haikunjiki, huwa kama ukucha. Alipokaa mara ya pili ikakatika, ikachana na kitambaa cha pembeni. Mshono ulioachia hurudishwa, lakini kitambaa kilichochanika kinadai kiraka. Ajali ya dakika kumi ikageuka kazi ya fundi cherehani.

Kisa chenyewe kilianzia kiwandani, na hili nitalisema mpaka nizikwe: ovaloki peke yake si mshono. Mafundi wa zamani walikuachia upana wa kidole ndani, ukinenepa wanafungua, ikipasuka unashika. Siku hizi unashika nini?

Nimeshaandika kuhusu pini ya usalama mara ngapi? Walter Hunt aliisajili 1849 na kuuza haki zake kwa dola 400, hasara yake, faida yetu. Dada wa mtandio, hatua mbili kutoka kwa mwenzetu, alikuwa nazo nne. Tatu zingepigwa kwa ndani, zikikata mshono kwa upana, zingemfikisha hotelini. Hakuomba. Wanaume mnabeba chaja tatu, pini hata moja hamna, na kuomba mnaona haya.

Nilipokuwa kijana nilimwona utingo wa lori la Mombasa, pale Malaba, akichomoa uzi kwenye gunia la kahawa na shazia kwenye kofia yake, akamshona dereva suruali bila dereva kuivua. Hakupiga bandi, maana bandi haikai makalioni. Alikuwa akienda hatua moja mbele na nusu hatua nyuma, kila tundu likilibana lililotangulia, akamaliza kabla karatasi hazijagongwa muhuri. Mtanionyesha nani leo?

Na shazia si lazima. Ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni, taa zinawaka. Wanaoshonea wivingi wana sindano iliyopinda, inayoingia na kutoka upande mmoja bila kutia mkono ndani ya nguo, na uzi imara unaobeba nywele wiki nzima. Kwa kumshona mtu aliyevaa suruali yake, sijui chombo bora kuliko hicho.

Saluni tulikwenda, lakini kuomba asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu gundi ilikuwa imeunganisha boksa na kadeti. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye sponji mbele ya kioo, uzi mweusi umeshatungwa. Kadeti ilikuwa nyeusi.