Tahakiki ya Ushahidi wa Raman Kuhusu Muundo wa Tando za Ftalosianini ya Shaba

Makala haya yanahakiki hoja iliyozoeleka katika tafiti za tando nyembamba za ftalosianini ya shaba: kwamba mkanda wa Raman ulio karibu na 1530 cm⁻¹ unatosha kubainisha muundo wa utando. Hoja hiyo ina ukweli, ila ukweli wenyewe ni finyu kuliko unavyochukuliwa.

Mkanda huo hutokana na mitetemo ya vifungo vya kaboni na nitrojeni vinavyoizunguka atomu ya metali. Ndiyo maana huhama metali inapobadilishwa: kwa zinki huonekana karibu na 1505 cm⁻¹, kwa nikeli karibu na 1550 cm⁻¹. Kwa swali la metali iliyomo, basi, jibu la Raman ni la kuaminika.

Swali la mpangilio wa molekuli ni jingine. Maumbo ya alfa na beta hujengwa na molekuli ile ile. Kinachotofautiana ni jinsi molekuli zinavyoinama na kupangana katika nguzo zake. Mikanda ya juu, inayoeleza mambo ya ndani ya molekuli, hubadilika kidogo tu. Ushahidi wa moja kwa moja umo katika mitetemo ya fuwele yenyewe, chini ya takriban 200 cm⁻¹, eneo ambalo vichujio vya vifaa vingi hulikata kwa sehemu kubwa. Ni kama kukisia ramani ya nyumba kwa kupima tofali moja.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Leza ya nanomita 633 huangukia pale ambapo ftalosianini hufyonza mwanga kwa nguvu. Ishara huongezeka sana, nayo ni neema kwa utando wa makumi ya nanomita. Lakini nishati iliyofyonzwa huupasha utando joto, na joto ndilo hugeuza alfa kuwa beta. Kipimo chaweza kukizalisha kile kinachodai kukigundua. Tasnifu isiyotaja nguvu ya leza, ukubwa wa doa lake na muda wa kumulika haimpi mtahini njia ya kuiondoa shaka hiyo. Eksirei hazisaidii sana hapa, kwa kuwa kwa kawaida hupima eneo pana, ilhali doa la leza ni la mikromita chache. Linalofaa ni kurudia kipimo mahali pale pale, nguvu ikipandishwa kidogo kidogo kutoka ya chini kabisa, na spektra zote kuchapishwa, hata zile dhaifu.